Chuma Ndani ya Unga Wangu Safi

Roma, Lesotho
14 Agosti 2019

Mpendwa dada Nthofeela,

Salamu kutoka kwenye baridi hii inayopasua midomo. Hujambo huko Leipzig? Kikohozi kimekuachia? Sisi wazima. Mama anakula, anagombana, anajifunika mablanketi mawili. Kwake hiyo ndiyo afya.

Majibu ya vipimo ulivyoufanyia unga wangu yamefika. Nimeyasoma mara nne, na kila mara nimetamani uwe umekosea.

Unajua nimehubiri miaka kumi na miwili kwamba chembe za oksidi ya zinki, ndogo hata maelfu yakaenea kwenye upana wa unywele, zikiwa safi kabisa, zitaondoa rangi ya jinzi inayochafua maji ya kiwanda kwa jua letu tu.

Kisha akaja Keneuoe, mwanafunzi wangu wa zamani. Yeye anasema oksidi safi huamshwa na sehemu ndogo tu ya mwanga, ile isiyoonekana. Penyeza chuma kidogo ndani ya fuwele, nayo itanasa hata mwanga tunaouona. Ukizidisha, chuma kinajikusanya mabonge na kazi inalala. Wanafunzi wanamtazama kama walivyokuwa wakinitazama mimi. Nikiwaona, nageuza njia.

Mwezi uliopita nilimvaa mbele ya watu.

"Binti, hiyo si sayansi! Unatia uchafu kwenye kitu safi!"

"Na chumvi kwenye mboga, Ntate Motlatsi, nayo ni uchafu?"

Ukumbi ukaangua kicheko, hata mfagiaji.

"Mbona unga wangu unafanya kazi bila chuma chako?"

"Hata mimi nashangaa, Ntate. Hebu upimwe."

Ndiyo maana nilikutumia ile chupa ya unga, nimzibe mdomo. Nawe unaniandikia kwamba chuma kimo, kimeketi ndani kabisa ya fuwele! Nilikwenda maabara nikafungua bomba. Tangu mtambo wa kusafisha maji uharibike mwaka ule wa kwanza wa utafiti, nayeyushia chumvi ya zinki kwenye maji ya kisima, nayo hutoka mekundu kwa chuma. Ule umanjano wa unga nilikuwa naisingizia tanuri.

Mwisho wa Septemba kikao kitachagua unga wa nani ukajaribiwe kwenye bwawa la kiwanda cha jinzi. Nikinyamaza, nitashinda, wanakikao ni rafiki zangu. Nikisema, miaka yangu kumi na miwili inakuwa ushahidi wake. Nimemwonea wivu kwa ujana wake, kwa vicheko anavyopata. Sasa namwonea wivu hata kwa kisima changu mwenyewe, kilichomtetea.

Karatasi yako ya majibu iko mfukoni mwa koti. Jana nilipita mlangoni pa Keneuoe mara mbili, nikarudi nayo mara mbili.

Kwa hiyo mtumie yeye nakala, siku hiyohiyo upatapo hii, kabla barua yangu ya pili ya kukukataza haijafika.

Nisalimie shemeji Jürgen na mapacha. Shangazi Mamello anauliza lini utakuja. Mungu akujalie amani, mvua na shibe hata huko ugenini.

Ni mimi kaka yako, mwenye wivu na mwenye kukupenda,
Motlatsi