Betri Inayokufa Kasigau

Jumatatu, 3 Juni 1996

Ikiwa daftari hili limefika mikononi mwako na wewe si mimi, nakusihi ulifunge. Ukishindwa kulifunga, basi funga mdomo. Neno moja likifika ofisini nimekwisha.

Asubuhi kama Jumatatu zote. Kufagia, kufungua stoo, kupima magunia ya pojo tuliyonunua kwa wakulima, kisha kukagua pikipiki. Mwendeshaji wetu, Mghanga, amerudi nayo hapa Voi kutoka Kasigau. Honi kimya. Taa za kugeukia hazimeki. Betri imekufa, na ni mpya. Niliinunua mimi kwa niaba ya ofisi. Iliyokufa kabla yake niliinunua mimi pia.

Meneja, Bwana Mwadime, alinisimamisha mbele ya wapakiaji. "Wakesho, wewe na yule muuza betri mnakula sahani moja. Unaniletea takataka hapa, halafu mnagawana." Wapakiaji wakacheka. Mmoja akauliza kama nimebakisha hata mfuniko. Nimepewa mpaka Ijumaa nieleze betri zinakufaje, la sivyo nirudi kwetu.

Namchukia. Najichukia zaidi kwa kujibu "ndiyo, bwana".

Jumanne, 4 Juni

Nimeazima mita ya umeme ya shemeji yangu, fundi wa redio. Shuleni fiziksi nilipita vizuri sana. Leo nilichuchumaa mbele ya pikipiki, nikasahau waya upi ni upi.

Maji ya betri yako kwenye mstari. Fyuzi nzima. Vichwa vya betri, pale waya zinapofungwa, vilikuwa na unga mweupe, nimevikwangua. Nimeipeleka betri dukani ikachajiwe polepole mpaka kesho.

Mghanga alikaa juu ya gunia akinitazama muda wote. "Madam Volti! Angalia isikuume." Wapakiaji wamelipenda jina hilo, sasa wote wananiita hivyo. Baadaye alinijia karibu na hakuwa anacheka. "Dada, betri ikifa, ofisi inanunua nyingine. Unachimba nini?"

Nilirudisha mita mkobani. Ana mikono mikubwa.

Jumatano, 5 Juni

Betri imerudi imejaa. Nikaifunga, nikapima injini ikiwa imezimwa: volti kumi na mbili na nusu hivi. Nikapiga kiki, nikaongeza moto. Mita ikapanda mpaka kumi na nne. Kwa hiyo pikipiki inachaji. Nikazima, nikachomoa waya mmoja wa betri na kuweka mita katikati, nione kama kuna umeme unaovuja hata pikipiki ikiwa imelala. Sifuri.

Muuza betri hana kosa. Pikipiki haina kosa. Mimi sina kosa. Nilifurahi kwa muda wa kunywa chai. Kisha nikaogopa. Kama si chombo, ni mtu.

Mchana Mghanga ameondoka nayo kwenda kwa wakulima wa Kasigau. Atalala huko, kama kawaida.

Alhamisi, 6 Juni

Amerudi. Volti nane. Usiku mmoja tu.

Na kwenye vichwa vya betri, nilivyovisugua mwenyewe vikang'aa, kuna mikwaruzo. Meno ya klipu, pande zote mbili. Mtu alibana kitu hapo.

Nilimwuliza tukiwa stoo. Akausukuma mlango kwa mguu ukajifunga.

"Ndovu wanaingia shambani kwenye pojo kila usiku," alisema. "Wewe wa mjini hapa unajua nini? Tuna taa kubwa ya lori. Tunaichomeka kwa betri, tunawamulika mpaka wanarudi porini. Asubuhi naifunga betri, napiga kiki, nakuja."

Nilimwambia betri ndogo namna hiyo ikikamuliwa mpaka tone la mwisho haiwezi kujaa kwa mwendo wa Kasigau hadi Voi. Ikikamuliwa hivyo wiki baada ya wiki, haiamki tena.

"Mzee alisema pikipiki ikitembea inaijaza yenyewe."

Nilimwuliza mzee yupi.

Alinitazama kama anayemtazama mtoto mjinga. "Shamba ulidhani ni la nani? Ni la Bwana Mwadime. Haya, nenda ukamwambie sasa. Na ukitaja jina langu, mimi na wewe tutajuana."

Nimerudi kupima magunia.

Ijumaa, 7 Juni

Nikisema betri ilikuwa mbovu, mimi ni mwizi. Nikimtaja Mghanga, atanipiga, na atafutwa kazi kwa amri ambayo si yake. Nikisema shamba ni la nani, namwambia meneja usoni kwamba amezimaliza betri za ofisi yeye mwenyewe, kisha akanitukana mimi.

Niliingia na mita. Nikaeleza kila kipimo, kimoja baada ya kingine, na sauti ilikaa sawa mpaka mwisho. Nikasema chaji ni nzima, betri ilikuwa nzima, inakamuliwa Kasigau usiku.

"Na nani?"

Aliacha kuzungusha kalamu. Macho yake yakakaa kwenye yangu. Akajua kwamba najua.

"Sijui, bwana."

Hayo ndiyo niliyosema. Mwoga mkubwa.

Akatabasamu. "Kama hujui, basi hujaeleza."

Nilikabidhi funguo. Nje wapakiaji waliniimbia Madam Volti mpaka getini. Mghanga peke yake hakuimba. Alikuwa anafunga gunia, na hakuinua kichwa.

Jumatatu, 17 Juni

Niko Maungu, kwa shangazi, mama Mkamburi. Namsaidia kwenye mashine ya kusaga. Unga unaingia puani, malori yanapita. Hakuna anayenipigia kelele hapa.

Jana baada ya ibada alikuja Flora, tuliyesoma naye darasa moja. Kiti changu amepewa yeye. Wiki iliyopita alitumwa kununua betri mpya. Alikuja kuuliza kwa nini wapakiaji wanamcheka. Nikamweleza yote, tangu fyuzi hadi shamba. Alihesabu vidoleni siku tangu anunue betri. Kisha akauliza, "Ikifa, mimi nitasema nini?"

Nilimwambia asiseme kitu peke yake. Aje Maungu. Ashuke pale malori yanapoegeshwa, avuke reli, aulize mashine ya kusaga ya mama Mkamburi. Mtu yeyote atamwonyesha. Kama mashine imefungwa, azunguke nyuma, agonge dirisha lenye pazia la kijani, hicho ni chumba changu. Asitume mtu. Aje mwenyewe, nami nitapanda naye gari la kwanza la kwenda Voi. Nitaingia ofisini mbele yake, na nitasema shamba ni la nani.