Meli au Hoteli, na Jicho la Mama

Melini, tukiwa bandarini Palermo

Dada yangu Yunisi,

Shikamoo dada. Mbukwenyi wote hapo Ipagala, kwa salamu ya kwetu. Mimi ni mzima, kwa maana ya kwamba natembea, nakula na sijalazwa. Mengine utayaona humu ndani. Shemeji mgongo wake unaendeleaje? Watoto hawajambo? Mvua imeshawafikia, au bado mnayaangalia mawingu yanapita kwenda kunyesha kwa wenzenu? Na mama, dada. Mama ameamkaje? Najua unaniandikia kila wiki, lakini niache niulize tu, nikiuliza najiona kama nimesimama hapo mlangoni nabisha hodi.

Usishangae kupata barua ya karatasi kama enzi za marehemu baba. Nilijaribu kukurekodia sauti mara tatu. Kila nikifika kwenye habari za mama nashindwa kuendelea, nafuta. Ya tatu nilifika karibu na mwisho, halafu mwenzangu wa kitanda cha juu akaniuliza kama naumwa, nikaifuta na hiyo. Kwa hiyo nimekaa, nimeandika. Barua nampa kijana mmoja wa Moshi anayefanya kazi jikoni, mkataba wake umekwisha, anarudi nyumbani. Akifika Dar ataiweka kwenye basi. Utapigiwa simu ukaichukue stendi.

Sasa swali lako. Umenitumia picha za matangazo mawili, moja la meli na moja la hoteli ya Zanzibar ile ya kulipia kila kitu kwa mkupuo, ukaandika: "Yona, wewe ndiye mtaalamu, umefanya kazi kote kote. Mbona meli inaonekana rahisi kuliko hoteli? Tumpeleke mama wapi akaione bahari kabla jicho halijazima?" Nilicheka hapo kwenye mtaalamu. Mtaalamu wa kutandika vitanda! Halafu nikasoma tena ile sehemu ya jicho, kicheko kikaniishia palepale.

Nitakujibu, maana miaka minne nilitandika hotelini na huu ni mkataba wangu wa tatu kwenye meli. Ile bei ya meli uliyoiona ni ya kukuvusha mlango tu, dada. Tena chumba chake ni kile cha katikati, kisicho na dirisha. Mtu anafunga safari kutoka kwao kuja kuona bahari, halafu analala kabatini. Ukitaka dirisha, ongeza. Ukitaka kibaraza, ongeza tena. Soda ni hela, intaneti ni hela, kushuka bandarini ukazungushwe na basi ni hela, picha unayopigwa unapanda ngazi, na hujaiomba, ukiitaka ni hela. Na kila siku inayopita wanakukata bakshishi yetu sisi watandikaji. Nawaona siku ya mwisho wamepanga foleni pale mapokezi na karatasi zao mkononi, mume anamwangalia mke, mke anaangalia dari.

Hotelini aliyelipa amelipa. Anafungwa bangili ya plastiki mkononi, basi, anakula mpaka aseme mwenyewe inatosha. Ila na kule kuna vituko. Nimeona watu wazima na heshima zao wanaamka alfajiri kwenda kuweka taulo kwenye viti vya ufukweni ili wenzao wasivikalie, halafu wanarudi kulala. Na wengine wiki nzima hawavuki geti, kwa sababu chakula cha nje hakimo kwenye bangili. Wanaondoka Zanzibar hawajaiona Zanzibar.

Sikatai, meli inavutia. Unalala mji huu, unaamka mji mwingine, na hujafunga hata begi. Kwa mtu mwenye macho yake mawili na miguu yake miwili ni raha, nisiwe mwongo. Ila ngoja nikwambie nilichokiona wiki mbili zilizopita.

Ilikuwa mchana, nasukuma kigari changu cha mashuka. Hizi korido zetu ni ndefu, ukisimama mwanzo huoni mwisho, na milango yote inafanana, rangi moja, zulia moja. Nikamkuta bibi mmoja, mgeni, wa umri wa mama, amesimama ukutani anapapasa namba za milango kwa vidole. Anapapasa huu, anasogea, anapapasa unaofuata. Alikuwa ametoka peke yake kwenda kula, wakati wa kurudi akapotea. Macho yalikuwa yamebaki kidogo sana. Nikamshika mkono nikampeleka chumbani kwake, kile cha bei ya tangazo. Nilipowasha taa akaniuliza, "Mwanangu, sasa hivi ni mchana au usiku?" Nikamwambia mchana, mama. Nikatoka, nikaingia stoo ya mashuka, nikafunga mlango, nikalia. Mtu mzima na ndevu zangu, dada, nimekumbatia taulo.

Kwa sababu nilimwona mama yetu. Na kwa sababu mimi ndiye niliyemwahidi mahali kama pale.

Unakumbuka likizo yangu ile ya kwanza kutoka melini? Mama alikuwa bado Buigiri, shamba lake la mtama na karanga limemkubali mwaka ule, ana furaha. Wenzangu wa zamani wa hotelini walikuwa wamenikubalia nimlete wakati wa wageni wachache, kwa bei ya kutupa. Mama mwenyewe alikuwa tayari, alikuwa ameshamaliza kuvuna. Mimi nikajifanya bwana mkubwa. Nikasema hoteli ya nini, mama, subiri, mwanao nitakupandisha meli yenye ghorofa kumi na nane, utaiona bahari ukiwa juu yake umekaa kwenye kiti. Alifurahi mpaka akaenda kuwatangazia akina mama wenzake wa kanisani. Tangu siku hiyo ukimtajia hoteli hataki kusikia. Yona amesema meli.

Na jambo ambalo sijawahi kukwambia. Asubuhi ya kuondoka alinimiminia chai. Akaimimina pembeni ya kikombe, mezani, inatiririka mpaka chini, na yeye anaendelea tu kumimina. Nikamtania: "Mama, leo chai umewaandalia sisimizi?" Akacheka. Akasema, "Na wao ni wageni." Tukacheka wote, nikapanda gari nikaondoka. Macho yalikuwa yameshaanza kumfifia na alijua, dada. Alijua akanificha nisije nikaacha safari. Na mimi nikaona ni utani. Ile presha ya macho ingegunduliwa mwaka ule, labda jicho la kushoto lingekuwepo leo. Sitajisamehe hilo.

Nimeuliza kuhusu meli, usidhani nimelala. Ndugu wa mfanyakazi wanaruhusiwa, bei wanapunguziwa. Lakini lazima apande ndege mpaka huku Ulaya, awe na pasipoti na viza, na mtu asiyeona vizuri lazima awe na msaidizi wake anayelipiwa, alale naye. Mimi sihesabiki. Mimi niko kazini tangu asubuhi mpaka usiku, na wageni wakiwa wanakula siruhusiwi kukaa nao. Mama angekuwa melini na mimi nisingemwona zaidi ya kumtandikia kitanda. Tena, tuseme ukweli mtupu, mnadhani naamka nafungua dirisha naangalia mawimbi? Tunalala chini, usawa wa maji au chini yake, wawili kwenye chumba kidogo kuliko stoo yako ya mahindi. Kuna siku tatu zinapita sijaiona bahari ninayoelea juu yake.

Sasa nifike kwenye ujumbe wako wa Jumapili, ule ulioandika baada ya kutoka kanisani. Kwamba umegundua kwa nini mama siku hizi anafunga kitambaa usoni. Ulidhani ni mwanga unamuumiza. Kumbe anafunga lile jicho zima, la kulia. Anashinda amelifunga, anachambua mchele kwa kupapasa, anatembea kwa kushika kuta, na ulipombana akakwambia: "Nalitunza. Nikilitumia ovyo litaisha, na Yona hajaja. Giza siliogopi, nimekulia Buigiri karibu na shule ya wasioona, watoto wake nimewaona wanasoma na wanacheza. Na hiyo bahari ni maji tu. Mimi nataka nimwone huyo atakayenionyesha."

Dada, niliisoma nikiwa nimesimama, ikabidi nikae kwenye ukingo wa kitanda cha mgeni, jambo ambalo ni kosa huku. Analibana jicho kama sabuni ya kipande, asilimalize. Daktari si alimwambia mbele yako kwamba ugonjwa hauongezeki kwa kutazama? Amesikia, akaamua vyake. Ndiye mama huyo, tumemzoea.

Utaniambia basi rudi. Nimeshakwenda ofisini kuuliza. Nikishuka kabla ya mkataba kuisha najilipia ndege, na jina langu linafutwa, sirudi tena. Na yale matone ya kila mwezi yanayolishikilia hilo jicho yanatoka kwenye mshahara huu. Nikija anione, matone yanakatika na jicho linazima. Nikibaki, matone yapo, lakini mimi sipo. Nimelizungusha kichwani siku nne. Imebaki miezi sita. Daktari hawezi kutuahidi hata miwili. Nimeamua kubaki, dada, na uamuzi huu unanitafuna, lakini ndio huo.

Kwa hiyo jibu langu ni hoteli, na iwe mwezi huu, kabla shemeji hajaanza safari zake za kazi, ili abaki na watoto. Wala usichukue ile ya kulipia kila kitu. Mama atakula nini cha kulipia bangili? Kikombe cha chai, kipande cha samaki, na pombe hanywi. Utakuwa unawalipia walevi. Chukua nyumba ya wageni ya kawaida yenye kifungua kinywa, upande wa kaskazini, uliza bei ya Mtanzania na mbebe vitambulisho. Nasema kaskazini kwa sababu upande wa mashariki maji yakitoka yanakwenda mbali kabisa, utamfikisha mama wa watu ufukweni aone tope na mwani. Kabla ya kutoka chumbani uliza maji yanajaa saa ngapi. Pandeni treni mpaka Dar, kwenye boti mkalishe dirishani, na mpe tangawizi atafune asitapike. Mvue viatu mwenyewe. Mwache asimame maji yanapomfika kwenye vifundo. Usimharakishe, usimpige picha kila dakika. Nauli nimeshatuma kwa simu yako.

Nisalimie shemeji, mwambie ile mikanda ya mgongo nimeipata, nitaituma. Nisalimie mwanao Neema, huyo binti wa kidato cha pili, na kaka yake anayejifanya haoni vitabu. Nisalimie mjomba Mazengo wa Nkuhungu, yule aliyenifundisha kuendesha baiskeli akanivunja jino. Nisalimie na mama mchungaji, nashukuru kwa kuja kumwombea mama.

Sasa naomba umwite mama. Mkalishe nje, kwenye mwanga. Msomee kuanzia hapa, taratibu, usiruke neno hata kama atakukatiza.

Mama yangu, shikamoo. Ni mimi Yona.

Mama, meli haipo. Nilikuahidi kwa majivuno, nikitaka watu wa Buigiri wajue mwanao amefika. Ingekuwa si mdomo wangu, bahari ungeshaiona miaka miwili iliyopita na macho yako yote mawili. Naomba unisamehe. Na siji sasa hivi, mama. Siji mwezi huu wala ujao.

Yunisi ameniambia habari ya kitambaa. Nikichelewa kutoka machungani ulikuwa unanibakizia ugali na mlenda, umeufunika, na mtu asiuguse. Jicho halibakizwi, mama. Ukilifunga au ukilifungua linakwenda kwa mwendo wake lenyewe, daktari alikwambia na mimi nakwambia. Huniwekei chochote hapo. Unajinyima tu.

Lifungue. Mtazame Yunisi, anayekusomea, amekonda kwa ajili yako na hasemi. Mtazame Neema kabla hajawa mkubwa. Nenda na dada yangu baharini, itazame mpaka uchoke, bila mimi. Mkataba ukiisha nitakuja, na nikikuta limezima nitapiga magoti mbele yako unishike uso kwa mikono yako, nitatulia mpaka umalize.

Lakini leo mwambie Yunisi akifungue hicho kitambaa, mama. Mimi sina uso wa kusubiriwa gizani.

Mwanao,
Yona