Saa Nane ya Rafaeli

Mradi wa Chanjo ya Mifugo,
S.L.P. 27,
Karatu.
16 Oktoba 1988

Mpendwa kaka Moloimet,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Sofia, kifua hakikusumbui na masomo yanakwenda. Tangu mama yetu, yeyo, asomewe barua yako kwamba baridi imeanza mapema, ananiuliza kila siku kama unavaa ile shuka aliyokufungia au umewapa Wabulgaria wafutie vyombo. Jibu hilo kwanza, maana mimi ndiye ninayesumbuliwa.

Hapa tu wazima. Baba anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi, lakini anatembea na anagomba kama kawaida yake. Mvua bado. Mawingu yanakuja, yanatuchungulia, yanakwenda zake.

Najua Sakaya amekwisha kukuandikia kwamba ng'ombe wetu walizuiwa, na Sakaya akishika kalamu hata mafua huyafanya msiba. Nimeona nikueleze mwenyewe tangu mwanzo. Nakuomba usirukie mwisho kama ulivyozoea.

Nyasi za Piyaya ziliisha mapema mwaka huu. Baba akapatana na watu wa Ganako walishe ng'ombe wetu mabua kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, akaja na kundi lote, ng'ombe wako Mugie akiwa mbele na mimba kubwa. Kabla hawajafika ukazuka uvumi wa sotoka, ule ugonjwa unaofyeka ng'ombe, kukawekwa kizuizi. Ng'ombe asiye na uthibitisho wa chanjo anaingia zizi la karantini. Hilo zizi ni vumbi tupu, na ukisimama ndani yake unayaona mashamba ya Ganako ng'ambo ya bonde.

Mimi wala sikushtuka. Ng'ombe wa Piyaya walichanjwa na mradi wetu mwezi wa saba, na mimi na Rafaeli ndio tulioingiza majina ya wenyewe kwenye kompyuta. Rafaeli ni yule mwenzangu wa ofisini, Mwiraqw wa Ganako, mtu mkimya anayeomba radhi hata kwa kiti akikigonga. Bwana mifugo wa kizuizini hakutaka maneno, alitaka karatasi ya mashine yenye jina la Baba. Fomu za porini zilikuwa zimeshapelekwa Arusha, na tundu la chanjo kwenye sikio ni lile lile la mwaka jana, halisemi kitu. Nikamwambia Baba apumzike kidogo, namtolea karatasi yake sasa hivi.

Balaa ni kwamba tulikuwa tumebadilishiwa kompyuta tumbo. Si mashine yenyewe, ni ile programu inayoiamsha na kuiongoza. Tulikuwa na toleo la pili, akaja fundi Inosenti kutoka Arusha kutuwekea la tatu. Nilipoiwasha ikagoma, ikaandika kwenye kioo kwamba toleo silo. Inosenti akahangaika nayo hadi akakuta kipande cha programu ya zamani kimebaki ndani, cha zamani na kipya havielewani. Akakitoa, mashine ikaamka vizuri kabisa. Nikaomba Piyaya. Vijiji vingine vyote vikaja. Piyaya haikuwamo.

Niliomba tena na tena, nikabadilisha herufi, nikaizima nikaiwasha. Inosenti akajaribu kuturudisha kwenye toleo la zamani, lakini la zamani halikuweza kusoma yaliyokwisha kuhamishwa. Mwishowe akasema toleo jipya halijala kitu, ila Piyaya haikuingizwa kamwe. Mkuu wa mradi akauliza siku ya kuingiza Piyaya nani alikuwa zamu mchana. Alikuwa Rafaeli.

Rafaeli akaapa kwamba aliingiza. Mimi sikumwamini. Nilimwambia mbele ya watu kwamba alikwenda shambani kwake akaacha kazi, na sasa ng'ombe wa baba yangu watakufa kwa uvivu wake. Jioni ile nilipokwenda zizini nikamkuta amebeba mzigo wa mabua kutoka shamba lake mwenyewe, anawarushia ng'ombe kupitia juu ya uzio. Nilizidi kumchukia, nikaona ananunua msamaha.

Mabua ya mtu mmoja yatashibisha kundi gani? Ng'ombe walianza kulala chini. Mugie alisimama, lakini mbavu zake ungeweza kuzihesabu. Kila asubuhi Baba alikuja dirishani kwangu na fimbo yake, anasimama tu. Siku moja ndipo aliponiuliza, "Mwanangu, hiyo mashine yenu imesahau au imenikataa?"

Inosenti alitaka kurudi Arusha, na kabla ya kuondoka afute disketi zote za zamani ili zitumike upya. Nikamwomba aziache mpaka adhuhuri. Akaniambia nampotezea muda, lakini akaziacha. Nikamwita Rafaeli, nikamwambia kavukavu anionyeshe disketi yake ya siku ile. Akaitoa kwenye boksi bila kupapasa. Kuifungua tu, Piyaya hii hapa. Jina la Baba, Saning'o, na hesabu ya ng'ombe wake chini yake.

Sasa kwa nini haikuhamishwa? Unajua, mashine yetu haina saa yake. Kila ukiiwasha inakuuliza tarehe na saa, nawe unaiandikia, na kila kazi inawekewa saa hiyo. Siku ile asubuhi nilianza mimi. Mchana jenereta ilizimika, na ilipowaka tena Rafaeli alinakili kazi yangu kwenye disketi yake, akaendelea pale nilipoishia, akaongeza Piyaya. Jina la kazi likabaki lile lile. Inosenti naye wakati wa kuhamisha aliiagiza mashine kwamba pakiwa na kazi mbili zenye jina moja, ichukue yenye saa ya baadaye. Yangu ilionyesha tisa. Ya Rafaeli ilionyesha nane.

Nikamuuliza Rafaeli, "Uliwasha saa ngapi?"

"Saa nane."

"Saa nane mchana, ukaandika nane?"

"Ilikuwa saa nane, Naisenya. Wewe ungeandika ngapi?"

"Kumi na nne."

Akanitazama kama mtu aliyesikia lugha nyingine. Ndipo nilipoelewa kwamba mimi asubuhi ile, saa tatu, niliandika tisa, kwa sababu chuoni nilifundishwa saa za Kizungu. Yeye aliandika saa ya jua linalomwangaza. Hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo, na mimi ninayekaa naye meza moja sikuwahi kuuliza. Mashine ikaona kazi ya mchana ndiyo ya zamani, ikaiacha.

Inosenti aliihamisha mara moja, bila maneno mengi. Karatasi ilipotoka kwenye printa niliichana pembeni kwa haraka, nikakimbia nayo, viatu mkononi. Rafaeli alikuwa nyuma yangu. Bwana mifugo aliisoma, akafungua lango hapo hapo.

Kundi lilitoka, kaka. Mugie hakutoka. Alikuwa amezaa adhuhuri ile ile, tulipokuwa tunabishana saa, na hakuwa na nguvu ya kusimama tena. Amekufa. Samahani kwamba nimekuzungusha mpaka hapa, sikujua njia nyingine ya kukuambia.

Nilimweleza Baba yote, saa za Kizungu na zetu, na hizo sita zinazotofautiana. Alisikiliza huku ameshika pembe ya Mugie. Kisha akasema, "Mimi jua langu ni moja. Mwandikie Moloimet kwamba ng'ombe wake amekufa katikati ya saa zenu mbili."

Rafaeli alilia mbele yetu, mtu mzima. Nilimwomba radhi kwa niliyomtamkia, na Baba akamwambia achukue ndama kwake Ganako mpaka apate nguvu, kwa kuwa kwake kuna ng'ombe anayekamuliwa. Ndama ni jike, ana rangi ya mama yake. Nimekwenda kumwona jana, anasimama vizuri. Baba anangoja umpe jina.

Nisalimie Josephati mnayekaa naye chumba kimoja. Yeyo, Sakaya na bibi Nalotuesha wanakusalimu sana, na Rafaeli kaniomba nikutajie jina lake, basi nimelitaja. Engai akutunze, akurudishe boma ukiwa mzima.

Naweka kalamu chini saa kumi jioni, saa ya jua la Baba.

Mdogo wako akupendaye hata akileta habari mbaya,

Naisenya