Uyoga Ulioning'inizwa Mlangoni

Rantatie 7 C,
Haapalahti,
Finland.

Jumapili, 11 Oktoba 1992

Mpendwa mwanangu Raili,

Hujambo, mama? Mumeo hajambo? Na wale wajukuu wangu wawili ambao nawajua kwa picha tu, bado wanapigania kiti cha dirishani? Mgongo wako je, umetulia baada ya ile dawa ya kuchua? Nijibu yote hayo, usinirukie hata moja, maana siku hizi nataka kusikia habari za watu wazima wa afya.

Huku baridi imeshaanza. Asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe na ziwa linatoa moshi. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio haukai mahali pake, na utaniwia radhi mwandiko ukipanda na kushuka.

Barua yako niliipokea. Unaniuliza mama yako, marehemu dada yangu, alifanyaje hata majirani wakawa kama watu wa nyumba moja, kwa sababu huko Perth unapishana na watu ngazini mwaka mzima na hamjuani majina. Ningelipata swali hilo mwezi uliopita, ningekujibu huku nimekaa kwa raha na kikombe changu cha kahawa. Sasa naliogopa, Raili. Nitakujibu hivyo hivyo.

Mama yako hakuwa na siri yoyote. Akioka mkate wa iliki, alioka na wa ziada. Jumamosi akishamaliza kuoga sauna, hakuuzima moto. Alimwita mama Hilja aliyekuwa hana kuni. Theluji ikianguka, koleo lake lilianzia mlangoni kwa jirani ndipo lije kwetu. Wewe huna theluji, lakini hukosi mzee wa kumtolea pipa la taka barabarani. Una mti wa ndimu unaomwaga matunda chini, umeniambia mwenyewe. Anza na ndimu.

Halafu kuna ile tabia yetu unayoikumbuka, ya kuning'iniza mfuko kwenye kitasa cha mlango wa mtu na kuondoka kimyakimya. Samaki, viazi, soksi, chochote. Huandiki jina. Ukiulizwa, unakataa. Anayekubali anaonekana anajisifu, na anayebana sana kuuliza anaonekana hana adabu. Nimeishi na tabia hiyo maisha yangu yote na sikuwahi kuuona ubaya wake.

Mwishoni mwa Septemba, siku ya Jumapili, tulikuta mfuko wa uyoga mlangoni. Ule wa kahawia wenye mguu wa njano ulio wazi katikati, anaoupenda baba yako mdogo Kauko kuliko hata mimi. Mimi nilikwenda kanisani. Yeye akausafisha na kuukaanga kwa siagi na vitunguu, akanitengea sahani yangu. Nilirudi nimeshiba keki za baada ya ibada, nikamsogezea sahani yangu. Alikula zote mbili, akafuta sahani kwa mkate. Nilimtazama akila nikafurahi.

Siku chache baadaye ukaja mfuko mwingine, na safari hii niliusafisha mimi. Katikati ya uyoga mzuri nikashika mmoja uliokuwa mwekundu kama kutu kuanzia juu hadi chini, kichwa kimechongoka, mguu umejaa. Mama yetu alituonyesha uyoga ule tungali wadogo na akatupiga vidole tulipotaka kuugusa. Unaota ndani ya ukoka uleule, bega kwa bega na ule mzuri. Nilikaa chini pale pale jikoni, kisu mkononi.

Kauko alinicheka.

"Irja, mke wangu, mimi si huyu hapa? Mzima kama fahali!"

Lakini daktari wa kituoni hakucheka. Alisema sumu ya uyoga ule haina haraka. Inakaa mwilini kimya, mtu anakula, anafanya kazi, anatania watu, kumbe inatafuna figo, na dalili yake ya kwanza ni kiu isiyokatika. Ilikuwa haijulikani kama katika mfuko wa kwanza ulikuwemo au haukuwemo. Wakamtoa damu, ikaonekana safi, wakamwambia arudi tena na tena mpaka waseme basi. Tangu siku hiyo namhesabia mume wangu safari za chooni kama mtu aliyerukwa na akili.

Nilitoka kwenda kuwaonya majirani. Kwa Helvi, yule mwalimu mstaafu wa mlango wa mwisho, nikakuta uyoga umetungwa kwenye uzi juu ya jiko, unakauka.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Weee! Nauweka wa Krismasi. Kwani vipi, umekuja kudoea?"

"Helvi, ume-ku-la?"

"Sijala, mdogo wangu. Mbona umepauka hivyo? Kaa kwanza."

Tulikata uzi pamoja na kutupa yote motoni. Nikamuuliza kama anajua nani aliyetuletea. Akasema anajua kama ninavyojua mimi, na kama ninavyojua mimi hawezi kusema. Sote tulikuwa tunamfikiria Arvi. Unamkumbuka Arvi, fundi wa mashua aliyekufundisha kuteleza kwenye barafu. Mkewe alifariki majira ya kuchipua, na tangu hapo anashinda msituni.

Basi nikaenda kwake. Viatu vyake vilikuwa mlangoni vimejaa majani ya msonobari, na ndani mlinukia siagi. Nikamwambia bila kuzunguka: uyoga, sumu, maneno ya daktari. Kwamba Kauko alikula, sikumtajia.

"Mimi?" akasema. "Na goti hili, shemeji? Sijatia mguu msituni mwaka huu."

"Arvi, kama ni wewe, sikulaumu. Nataka tu ujue ulichokula."

"Aliyefanya hivyo ni mpumbavu, lakini si mimi. Nenda kamtafute."

Na wakati ananiambia hivyo alikuwa anakunywa maji. Akamaliza bilauri, akafungua bomba, akajaza tena. Nilisimama pale nikimwangalia, Raili. Nilijua. Nikarudi nikampigia daktari simu, na yule daktari naye alipofika akajibiwa vivyo hivyo: mimi mzima, nendeni zenu. Hatukuweza kumbeba mtu mzima kwa nguvu.

Alhamisi Helvi alimkuta kwenye sakafu ya jikoni, anatapika, ameshika kiuno. Sasa yuko hospitali ya mkoa, amefungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Muuguzi alimwambia Helvi kwamba Arvi amekubali hatimaye. Alikuwa akichagua uyoga mzima, mzuri, anatuwekea sisi kwenye mifuko, na yeye anakula vipande vilivyovunjika. Ndivyo tunavyofanya wote hapa, unajua. Kizuri ni cha jirani. Katika vipande hakuna anayeweza kutambua kitu.

Kesho Kauko anatolewa damu tena. Jana alikunywa chai vikombe vitatu badala ya viwili, nikaenda kulia bafuni huku nimefungua maji asinisikie. Naogopa, mwanangu. Nilimsogezea sahani yangu kwa mkono wangu. Naacha hapa, siwezi kuendelea.

Jumatano

Naendelea. Sikuituma barua kwa sababu nilitaka kukumalizia kwa habari njema.

Damu ya Jumatatu haikuwa safi. Daktari alipiga simu tukiwa mezani, na nilijua kwa jinsi Kauko alivyosema "ndiyo, ndiyo, naelewa" kwa sauti ya kumwambia fundi wa bomba. Alivaa koti, akatafuta miwani yake, akauliza kama nimelipia gazeti. Nilijaribu kumfungia vifungo nikashindwa. Akanifungia yeye vya kwangu.

Wamemlaza. Figo zimeguswa, ila wanasema wamemwahi. Huenda zikapona zenyewe, huenda naye akahitaji mashine. Hakuna anayethubutu kuniahidi. Usiku silali vizuri na mchana nasinzia kwenye basi la hospitali.

Lakini nataka nikuambie nilichokiona jana. Chumba walichompa Kauko ndimo alimo Arvi. Muuguzi hakujua kitu, aliona kitanda kitupu tu. Arvi alikuwa amelala ameutazama ukuta. Walituambia tangu alipokubali hataki kula wala kuongea; anauliza tu kama kuna mwingine aliyekula. Kila akiingia mtu, swali ni hilo. Aliposikia sauti ya Kauko akageuka, na uso wake, Raili, sijui nikueleze vipi. Ulikuwa uso wa mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

"Kauko," akasema. "Na wewe?"

"Na mimi nini? Mawe ya figo, bwana! Yananitesa tangu kiangazi."

"Ule uyoga..."

"Uyoga gani? Aa, ule! Irja aliumwaga wote kwenye mboji kabla sijauonja. Unamjua huyu mwanamke, hapendi kusafisha uyoga. Nilinuna siku nzima."

Kisha wote wawili wakanitazama mimi. Baba yako mdogo alikuwa mweupe kama shuka aliyolalia.

"Uvivu wangu," nikasema. "Leo mniache nao."

Arvi alifumba macho. Baada ya kitambo akamwomba muuguzi ule uji aliokuwa ameukataa asubuhi. Akala nusu bakuli. Kauko akaanza kumtania kwamba anakula kwa kelele kama farasi wa mzee Paavo, na Arvi akajibu tusi moja ambalo siwezi kukuandikia. Nilitoka nje nikashika ukuta wa ujia. Nilimchukia Kauko kidogo na nikampenda kuliko siku yoyote ya ndoa yetu.

Kwa hiyo hili ndilo ninaloomba kwako, na usiniangushe. Najua utamwandikia Arvi, kwa kuwa alikuwa kama babu kwako. Mwandikie. Mpe pole, mkumbushe ile siku ulipoanguka ukapoteza kofia barafuni. Na ukitaja habari za baba yako mdogo, sema umesikia anasumbuliwa na mawe ya figo. Andika kwa mkono wako mwenyewe: mawe. Usikosee, mwanangu. Hata yakitokea yale ninayoyaogopa, bado itakuwa ni mawe.

Nisalimie mumeo na uwabusu watoto. Helvi anakusalimu, na binamu yako Pentti anayenipeleka kituo cha basi kila asubuhi bila kuulizwa. Mungu awalinde ninyi mlio mbali, na atuangalie sisi tulio hapa, chumba kile hasa.

Mimi mama yako mdogo nikupendaye,

Irja