Bayogesi ya Kando ya Lami

Jumanne, Musoma

Halafu wageni wetu, wafadhili wa mradi, wakapiga makofi! Eti chai imechemka kwa gesi ya mavi ya ng'ombe. Tulikuwa kando ya lami ya kwenda Bunda, kwa bwana mwenye duka la saruji ambaye hafugi hata kuku. Mtambo wa bayogesi alipewa yeye kwa sababu gari la mradi wetu linageuka vizuri mbele ya duka lake.

Na mavi? Yanatoka zizini kwa mama yangu, kijijini kwetu, ndani kabisa ya wilaya ya Butiama. Gari la ofisi haliwezi kufika huko, barabara mbaya. Bodaboda inayobeba magunia ya mavi inafika.

Jioni nimempitia mama. Amepiga magoti mbele ya mafiga, anapuliza kuni mbichi, macho mekundu. Daktari alishamkataza moshi.

"Wageni wenu wamekunywa chai?"

"Wamekunywa, mama."

"Na huyo mwenye duka analiaga jikoni kama mimi?"

Nikaanza kumweleza kiofisi: mtambo lazima uwe mahali panapofikika, watu wauone, waige. Nikajisikia naongea kama ripoti.

Mama akafuta macho kwa khanga. "Kwani mwanangu, hiyo lami yenu inakunyaga?"

Kesho tunachagua mahali pa mtambo wa pili. Nataka kutaja nyumbani kwa mama, naogopa ofisini wataniona mbinafsi. Bosi ameshapendekeza kituo cha mafuta. Anasema pale gari linageuka vizuri zaidi.