Mkalimani Niliyemzaa

Jumatatu, 3 Machi

Nianze kwa kuomba radhi. Sijaandika humu tangu mahindi ya mwaka jana yalipovunwa. Si uvivu. Maneno yangu yalikuwa yakienda kwa Rosario, na sina akiba ya maneno ya kuwatosha wawili.

Leo majani ya chai yalifika mapema kwenye kituo cha kuuzia. Ng'ombe wamekamuliwa. Jioni binti yangu Chelagat akafungua kompyuta, tukaingia katika ile dunia ya mtandaoni. Sanamu inayonisimamia mle, mzee mwenye kofia, ikamkuta Rosario shambani mwetu. Shamba hilo huwezi kulikanyaga kwa mguu, lakini tumelipanda sisi: upande mmoja chai yangu, upande wa pili kahawa yake. Rosario ni mjane, yuko Kolombia, anajua Kihispania tu. Mimi sikijui. Chelagat alikisomea chuoni na sasa hukifundisha. Nasema kwa Kiswahili, anaandika. Rosario akijibu, ananisomea.

Mashine ya kutafsiri imo mle mle. Niliikataa tangu mwanzo. Kanisani kwetu Sosiot mimi ndiye mkalimani. Mhubiri akisema kwa Kiswahili, nasema kwa Kikipsigis, lugha yetu. Siongezi, sipunguzi. Kazi hiyo ni ya mtu, tena mtu unayemwamini.

Jumatano, 5 Machi

Nimesema.

Niliutazama ukuta, sikumtazama Chelagat. Kwetu baba hatamki maneno ya mapenzi mbele ya binti yake. Niliyatamka. Kwamba tangu nimzike mama Chelagat nyumba hii imekuwa baridi. Kwamba siku nisipomkuta Rosario shambani, chai yangu mwenyewe hainipiti kooni. Kwamba akikubali kuwa mwenzangu nitakwenda kwao, au yeye aje huku.

Chelagat hakuandika sana. Rosario akajibu. Kisha Chelagat akasoma: "Anasema mvua kwao imechelewa."

Nimeaibika. Labda huko ndivyo mwanamke anavyokataa kwa heshima.

Jumamosi, 8 Machi

Rosario amekuja amevaa nguo nyeusi. Aling'oa miche yangu ya chai, mmoja mmoja, akailaza miguuni pa sanamu yangu. Kisha akainamisha kichwa.

"Anasema imekauka, Baba."

Katika dunia ile mmea haukauki. Krismasi nzima sikuingia, sikumwagilia, nikarudi nikaikuta kijani vile vile. Miche hii nayo ilikuwa kijani. Niliiona.

Kama mwalimu nimesimamia mitihani maisha yangu yote. Mtoto anayeficha jambo namjua kwa mabega.

Jumapili, 9 Machi

Nilikwama katikati ya mahubiri leo. Mhubiri alisubiri. Waumini walikohoa. Sijapata kukwama kabla ya leo.

Baada ya chakula nilimuuliza Chelagat aliandika nini siku ile.

"Niliandika unataka rafiki tu. Wa kuongea mambo ya shamba."

"Naye alijibu nini?"

Aliendelea kufuta meza iliyokwisha kuwa safi. "Aliuliza, kama ni hivyo, mbona mlipanda pamoja."

"Ukaniambia mvua."

"Nikakuambia mvua."

Nikauliza ya nyuma. Tangu mwaka jana Rosario amekuwa akiuliza kama nimemchoka, kwa nini hajibiwi anapozungumza habari za moyo. Mimi nilikuwa nikisomewa bei ya mbolea.

"Ungekataa kazi hiyo, Chelagat."

"Ningekukatalia aje, Baba? Wewe hukataliwi! Na maneno kama hayo, unaambia mimi? Mimi ni mtoto wako. Kiti cha Mama bado kiko hapo."

Kweli, kipo pale. Nilitoka nje nikaenda kusimama na ng'ombe.

Jumanne, 11 Machi

Nina hasira. Sili anachopika. Ameweka mezani mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni, nimeuacha. Mama yake alikuwa akiutengeneza hivyo hivyo, na hilo linaniongezea hasira.

Nimesalitiwa. Sina neno jingine. Kikulacho ki nguoni mwako: nimewafundisha watoto wa watu methali hiyo bila kuhisi inauma mahali gani.

Nilimeza aibu ili maneno yale yatoke. Yeye akayatupa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeingia peke yangu. Vidole vyangu ni vizito. Nikaiwasha mashine niliyoikataa. Nikaandika kwa Kiingereza, ikageuza kuwa Kihispania.

Rosario alikuwapo, upande wa kahawa. Upande wangu ni udongo mtupu. Nilimsalimu. Jibu lake lilikuwa fupi: ni nani anayeandika leo?

Kumbe alikuwa akishuku.

Nikikaa kimya, ataamini mimi ni mtu baridi niliyemchezea. Nikisema kweli, nitakuwa nimemwita binti yangu mwongo mbele ya mtu asiyemjua. Nilimlea mimi. Mzazi hamvui mtoto wake nguo mbele za watu.

Niliandika: "Ni mimi. Nakuomba unisubiri kidogo."

Akakaa chini, pale pale kwenye kahawa.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua imeanza. Chai itachipua vizuri.

Chelagat amekwenda Sotik kwa shangazi yake. Hatukuagana. Lakini kompyuta ameiacha mezani, ameifuta vumbi, ameichomeka kwenye umeme. Na kiti cha mama yake amekisogeza dirishani, penye mwanga. Sijui ana maana gani. Nimenywa mursik aliouacha. Ulikuwa mzuri.

Rosario ananisubiri. Miche aliyoing'oa nimeiokota, imo mkononi mwa sanamu yangu, ingali kijani. Ama nimtaje Chelagat, ama niubebe uongo huo kama wangu na kuomba radhi kwa jina langu. Nikishaamua, nitaandika humu.