Vyeti Kumi na Kimoja na Jina la Danstan

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumatatu maana roho inaniuma. Mimi ni binti wa kijiji cha Kirushya, naandika programu za kompyuta kwa wakala wa forodha hapa Rusumo, nimetengeneza kwa lugha ya Java huduma ya kupokea nyaraka za malori, iko kwenye kompyuta yangu na kompyuta ya bosi wetu Mzee Sostenes inaungana nayo, sasa tukaambiwa lazima iwe na HTTPS, ile kufuli ya usalama, nikatengeneza cheti, yaani kitambulisho cha huduma yangu, nikakiingiza kwenye orodha ya vyeti ambavyo kompyuta ya mzee inaviamini, ikakikataa, nikafuta nikatengeneza kingine, nacho kikakataliwa, siku tatu vyeti kumi na kimoja, Java inanimwagia maandishi mekundu kurasa mbili na mwishoni inasema eti cheti hakijaanza kutumika, wakati nimekitengeneza dakika kumi zilizopita! Kompyuta ya mzee haina shida, anaitunza mwenyewe, hata saa yake anairekebisha kwa mkono, akiingia saa mbili asubuhi anaandika 2:00, kwa sababu simu zetu hapa mpakani zikinasa mtandao wa Rwanda zinarudi nyuma saa nzima, basi haamini saa inayojipanga yenyewe. Juzi akaniuliza mbele ya ofisi nzima, "Joyness mwanangu, shida ni nini?" Nikaogopa kuonekana sijui kazi, nikasema ni Danstan, fundi wetu wa mtandao, amefunga nyaya vibaya. Sasa Danstan ameambiwa kuanzia Jumatatu asije tena kazini, na mkewe ana kichanga cha wiki mbili. Mimi nikazima ukaguzi wa vyeti kabisa, mfumo unafanya kazi, wananipongeza, nami nakwepa macho ya Danstan.

Joyness, Rusumo

Marahaba, Joyness. Pole, ila ngoja nicheke kidogo. Java ilikupa jibu mara kumi na moja, nawe ukalifuta mara kumi na moja.

Saa mbili ya asubuhi kompyuta inaiita 8:00. Hiyo 2:00 kwake ni usiku, kwa hiyo mashine ya mzee iko nyuma saa sita, na cheti chako cha asubuhi inakiona ni cha baadaye. Ungekiacha hadi jioni kingekubalika chenyewe. Wewe ulikuwa unafukua maharage kila saa kuangalia kama yameota.

Mzee wako simcheki, sote tunasema saa mbili. Mwombe kwa adabu mpange pamoja saa ya Afrika Mashariki. Ikishachaguliwa kwenye kompyuta, mtandao wa Rwanda hauwezi kuisogeza. Kisha washa ule ukaguzi leo hii, mwanangu! Umefungua geti na kumpa mlinzi likizo, na nyaraka za watu zinapita humo.

Hayo ni kazi ya nusu saa. La Danstan ndilo zito, na hapo sikutetei. Uliogopa aibu ya siku moja ukamtwika mwenzio njaa ya nyumba nzima. Usimwandikie ujumbe wa simu, wala usimnong'oneze mzee pembeni. Nenda kwa Danstan kwanza, mwombe radhi, umwombe aje nawe ofisini. Ulimchafua jina mbele ya watu; simama mbele ya watu hao hao, naye akisikia, useme, "Nilidanganya." Kazi ukiipoteza utapata nyingine. Nenda leo, usingoje Jumatatu.